Maswali ya Wasomaji: Wachezaji Wangu Hawaijali Hadithi Yangu

Barua tulizochagua mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wa Lubumbashi wanaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani. Katika michezo hiyo mtu mmoja, msimamizi, hueleza ulimwengu na yanayotokea humo. Wengine, kila mmoja akiwa na mhusika wake, husema mhusika huyo anafanya nini. Na pale matokeo yasipokuwa wazi, dadu hutupwa. Barua zote, kila moja kwa njia yake, zinauliza jambo lile lile, kwa hiyo jibu la kwanza ni refu na mengine yanaliegemea.

SWALI: Yaya mwandishi, salamu kutoka Katuba. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu na ndiye msimamizi wa kundi letu la watu sita. Tunakutana Jumamosi baada ya chakula cha mchana, katika parsele ya wazazi wangu, yaani kiwanja cha nyumba yetu, chini ya mwembe. Kabla hatujaanza niliandika daftari zima: orodha ya wafalme, vita vyao, miungu yao, hata majina ya mito. Wachezaji wanakuja, wanacheka, wanapenda kupigana na madubwana, lakini nikianza kueleza mambo ya ufalme wanashika simu. Kila kikao kinaanza na swali «tuliishia wapi?», na mfalme ambaye ndiye kiini cha mkasa wote wanamwita «yule mzee». Nifanye nini ili waijali hadithi kama ninavyoijali mimi? (Msimamizi wa Katuba)

JIBU: Mdogo wangu, wewe unaijali hadithi hiyo kwa sababu uliitunga. Ulikaa nayo usiku, ukachagua jina moja ukaacha jingine, ukamuua mfalme huyu ukamwokoa yule. Wachezaji wako hawakuamua chochote isipokuwa silaha wanazobeba, na ndiyo maana wanakuwa macho wakati wa mapigano: hapo tu ndipo uamuzi wao una uzito. Ukitaka waujali ufalme, itakubidi uwagawie sehemu ya kazi ambayo hadi sasa umeifanya peke yako.

Michezo hii yenyewe ilizaliwa kwa namna hiyo. Mwaka 1969, nchini Marekani, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, David Wesely aliandaa mchezo wa vita vya enzi ya Napoleon, uliotukia katika mji wa kubuni ulioitwa Braunstein. Pamoja na makamanda wa majeshi, aliwapa wachezaji wengine nafasi za raia, kama vile meya, mwenye benki na mkuu wa chuo kikuu, kila mmoja na shabaha yake. Alikusudia kuzungumza nao kwa zamu katika chumba cha pembeni. Lakini waliobaki nje hawakungoja, wakaanza kula njama na kutishana wao kwa wao, hata mpango wa vita ukavurugika. Wesely aliona mchezo umeharibika, na wachezaji wakamwomba aurudie. Mmoja wa waliokuwa katika kundi hilo, Dave Arneson, aliliendeleza wazo hilo, na mwaka 1974 mchezo wa Dungeons & Dragons, alioubuni pamoja na Gary Gygax, ulichapishwa na kuanza kuuzwa. Angalia kilichowashika watu wale: hakuna aliyewasomea historia ya Braunstein. Kila mmoja alipewa haja yake, na haja ya mmoja ikawa kizuizi cha mwingine.

Basi kabla ya kikao kijacho usiongeze hata ukurasa mmoja kwenye daftari. Mwulize kila mchezaji, ana kwa ana au kwa ujumbe wa simu, maswali machache ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyakisia majibu yake. Swali «mhusika wako anatoka wapi?» ni dhaifu, kwa maana litaletewa jina la kijiji na basi. Uliza hivi: Nani anamdai mhusika wako, na kwa nini hajamlipa? Ni nani katika mji huu ambaye mhusika wako hawezi kumtazama usoni? Ni kitu gani alichonacho ambacho hatakiuza hata akilala njaa? Mwisho, na hili usiliache, kila mhusika awe na jambo moja linalomfunga kwa mhusika mwingine aliye mezani: deni, siri, ndugu aliyeoa kwao, safari waliyoifanya pamoja ikaharibika.

Tuseme mchezaji mmoja, mwenye mhusika mwindaji, anakujibu kwamba anadaiwa na mama muuza makaa aliyemficha nyumbani kwake siku askari walipokuwa wakimtafuta. Mama huyo hayumo katika daftari lako, na tayari ana thamani kuliko wafalme wako wote. Sasa chukua mambo yako ya ufalme uyapitishe mlangoni kwake. Mfalme ameamuru makaa yote yapelekwe kwenye matanuru ya kasri. Mama hana biashara tena. Ameanza kuuza usiku, na mpelelezi wa mfalme amekwisha kumwona. Hutahitaji kueleza sera ya mfalme kwa dakika kumi. Mwindaji atauliza mwenyewe ni nani aliyetoa amri hiyo, atalitaka jina lake, na atalikumbuka hata Jumamosi ijayo.

Hapa nakuonya juu ya kosa ambalo wasimamizi wengi hulifanya mara tu wanapogundua njia hii: kumteka au kumuua kila mtu ambaye mchezaji amesema anampenda. Mara ya kwanza wachezaji watalia, mara ya pili watakasirika, na katika kampeni itakayofuata, yaani mkasa mpya unaochezwa kwa vikao vingi, utashangaa kuona kwamba wahusika wote ni mayatima wasio na kijiji, wasio na marafiki na wasiodaiwa na yeyote. Watakuwa wamejifunza kwamba kupenda kitu mezani kwako ni kukupa silaha. Kwa hiyo mama muuza makaa asiwe mateka tu. Kuna siku awape chakula, siku nyingine awape habari, siku nyingine awakemee kwa ujinga walioufanya sokoni. Atakapokuja kuwa hatarini, hatari hiyo iwe ni ya mtu ambaye tayari amepata uhai mezani.

Jambo linalofuata ni alama ya matendo yao. Mchezaji akichoma daraja na Jumamosi ijayo daraja likawa zima, au likawa limeungua na hakuna anayelitaja, amefundishwa kwamba maamuzi yake hayana kazi. Baada ya kila kikao andika mambo matatu tu: kitu walichokiharibu, mtu waliyemsaidia, ahadi waliyoitoa. Kikao kinachofuata hakikisha kwamba moja kati ya hayo linarudi mlangoni, hata kwa udogo: mchukuzi anayelalamika kwamba sasa anazunguka mbali kwa sababu daraja halipo. Ahadi ndizo zenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa wachezaji huzitoa ovyo na huona haya zinapodaiwa.

Kuhusu «tuliishia wapi?», usijibu wewe. Mwombe mchezaji mmoja, kila wiki mwingine, asimulie yaliyopita kwa kinywa cha mhusika wake, pamoja na upendeleo na uongo wake. Wengine watambishia, na ubishi huo utawaingiza katika mchezo vizuri kuliko muhtasari wowote wako. Sikiliza pia wanachokisahau. Wakisahau jambo lile lile mara kwa mara, jambo hilo haliwahusu, na ni juu yako ama kuliunganisha na haja ya mmoja wao, ama kulifuta.

Na simu? Mimi sizipigi marufuku. Kwanza hesabu: katika mapigano ya wachezaji sita, kila mmoja akitumia dakika tano kwa zamu yake, aliyemaliza anangoja dakika ishirini na tano kabla ya kusema tena. Hata mimi ningetazama simu. Mtaje anayefuata kabla zamu ya sasa haijaisha, ajiandae; na maelezo yako ya mahali yasizidi sentensi tatu au nne, ambazo mwisho wake uwe ni jambo linalodai kujibiwa: mtu anayekimbia, mlango unaofungwa, swali aliloulizwa mmoja wao kwa jina.

Huenda unahofia kwamba ukiwaachia wachezaji kiasi hiki, hadithi itakosa umbo. Lubumbashi ina jibu lake kwa hofu hiyo. Kundi la Mufwankolo, ambalo wazazi wako bila shaka walilisikiliza redioni na kulitazama kwenye televisheni, liliandaa michezo yake kwa Kiswahili cha mji huu bila maandishi ya kukariri. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatilia jinsi walivyoujenga mchezo mzima juu ya usemi mmoja kuhusu mamlaka: waliujadili usemi wenyewe, wakapanga mfuatano wa matukio, wakagawana nafasi, na maneno yakazaliwa kinywani mwa waigizaji, katika mazoezi na mbele ya watu. Umbo lilikuwapo, tena imara, lakini lilikuwa mali ya kundi zima. Hilo ndilo ninalokushauri. Daftari lako libaki kabatini kama akiba ya majina na mito. Ukihitaji mto, unao.

SWALI: Kwako mwandishi. Katika meza yetu ya Kampemba kuna kaka yetu mkubwa, mtu mzima mwenye familia, ambaye anaujua mchezo sana na huwaamulia wote. Kuna pia binti mmoja ambaye huja kila mara lakini hasemi neno. Nikimwuliza «unafanya nini?» hujibu «nawafuata». Siwezi kumnyamazisha mkubwa wangu mbele ya watu. Nifanyeje? (Msomaji wa Kampemba)

JIBU: Na usimnyamazishe. Mtu wa umri wake akifedheheshwa mbele ya wadogo hatarudi, na huenda wenye parsele mnayochezea wakaacha kuwapa kivuli. Mwendee kando kwa heshima, umwambie ukweli kwamba ujuzi wake unaweza kukusaidia: «Mkubwa, wewe unaujua mchezo, naomba unisaidie kuwavuta hawa wengine, uwaulize maoni yao kabla hatujaamua». Wakubwa wengi huikubali kazi hiyo kwa furaha, kwa sababu haiwapunguzii hadhi.

Kisha tengeneza mambo ndani ya mchezo wenyewe, ambamo umri wa mezani si lazima uwe umri wa wahusika. Mhusika wa kaka awe na haja ambayo hawezi kuitimiza bila mhusika wa binti: yeye peke yake ndiye anayeijua lugha ya watu wa ng'ambo, au muhuri wa marehemu chifu uko katika mkoba wake. Sasa anayeamua sana atalazimika kuomba.

Kuhusu binti, kwanza hakikisha kwamba ana tatizo. Wako watu wanaofurahia kusikiliza, na ukiwauliza faraghani watakusimulia kikao kizima kwa usahihi unaowashinda wasemaji; hao tayari wamezama katika mchezo, na kuwasukuma ni kuwakosea adabu. Ikiwa anataka kusema ila anashindwa, swali lako ni pana mno kwake. Mpe njia mbili zilizo dhahiri, zote zikiwa na maana: «Mlinzi amekutazama, anasema sura yako anaifahamu, unamsalimia au unajifunika uso?» Akijibu neno moja tu, lichukue ulipe matokeo makubwa. Acha pia wachezaji wasimulie kwa lugha yoyote inayowatoka. Nimeona meza ambamo kanuni husomwa kwa Kifaransa na watu hukaa wima kama darasani, kisha mmoja akitania kwa Kiswahili cha mtaani wote wanaamka.

SWALI: Hapa Ruashi hatupati dadu za nyuso ishirini ambazo mchezo wetu unazihitaji. Tuna dadu za kawaida tu, zile za ludo. Je, mchezo utapoteza mvuto? (Msomaji wa Ruashi)

JIBU: Hautapoteza, na huenda ukaongezeka. Dadu ya nyuso ishirini hutoa kila namba kwa uwezekano ule ule, asilimia 5. Dadu mbili za kawaida zikijumlishwa zina matokeo 36, na yanajikusanya katikati: saba hutokea mara 6 kati ya 36, kumi na mbili mara 1 tu. Baadhi ya michezo ya miaka ya karibuni hutumia hesabu hiyo hivi: jumla ya 10 na zaidi, mhusika amefaulu, 7 hadi 9, amefaulu lakini kwa gharama, 6 na chini, mambo yamegeuka dhidi yake. Bila nyongeza yoyote, kufaulu kamili ni nafasi 6 kati ya 36, kufaulu kwa gharama 15, na kugeukiwa 15. Mwenye ujuzi wa jambo huongezewa moja au mbili. Hilo kundi la katikati ndilo linalowashika watu. Umeufungua mlango, lakini funguo zimevunjikia ndani na hamwezi kuufunga tena nyuma yenu: mchezaji amepata alichotaka na papo hapo ana jambo jipya la kuhangaikia.

Msitupe dadu kama kukosa hakutabadilisha chochote. «Umekosa, jaribu tena» ni maneno yanayoua kikao. Kama mnataka kanuni bila kununua kitabu, kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons ziliwekwa mwaka 2023 chini ya leseni huru ya Creative Commons, na zinapatikana pia kwa Kifaransa; mtalazimika tu kuzirekebisha kwa dadu zenu.

SWALI: Wachezaji wangu hapa komini ya Kenya wamechoshwa na kasri za mawe za Ulaya. Nikihamishia mchezo katika Katanga ya kale, watajali zaidi? Na je, ninaweza kumweka mfalme M'Siri? (Msomaji wa Kenya, Lubumbashi)

JIBU: Mahali peke yake hapatoshi. Katanga ya kale iliyosomwa kutoka daftarini itachosha sawasawa na Ulaya ya kale. Faida yake ni kwamba hutahitaji kueleza mengi: kila aliye mezani anakijua kichuguu, anaijua miombo, anajua vumbi la mwezi wa nane na harufu ya mvua ya kwanza. Kisha una kazi iliyojaa mikasa tayari. Muda mrefu kabla ya makampuni ya kikoloni, mafundi wa hapa, wale walioitwa walaji wa shaba, waliyeyusha shaba katika majira ya kiangazi wakitumia matanuru ya udongo wa vichuguu, na shaba hiyo ilimiminwa kuwa misalaba iliyosafiri mbali na kutumika kama fedha. Fundi, siri ya ufundi, mali inayobebeka na njia ndefu ya kuipeleka: msimamizi anataka nini tena?

Kuhusu M'Siri ningekuwa mwangalifu. Alikuja kutoka mashariki, akasimamisha dola ya Garenganze yenye makao Bunkeya, akafanya biashara ya shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa hadi pwani za bahari zote mbili, na akauawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Leopold II. Wachezaji wako wanaujua mwisho huo, na mtu anayejua kwamba uamuzi wake hauwezi kubadili kitu hatautilia moyo. Isitoshe, Wasanga walikuwa wamemwasi mwaka huo huo wa 1891, Bunkeya ina chifu wake hadi leo, na katika mji wenye watu wa kila upande wa nchi hii huwezi kujua ni wajukuu wa nani walioketi mezani kwako. Fanya kwanza kikao kisicho na dadu, mkubaliane ni mambo gani hayataguswa. Mambo ya makabila na ya vita yatajwe kwa uwazi siku hiyo, si siku mtu atakapoumia.

Mfalme abaki mbali, jina lake lisikike kwa vinywa vya wajumbe, au mbuni mfalme wenu kabisa. Wachezaji wawe wayeyushaji na wachukuzi katika kambi moja, siku chache kabla ya mvua, tanuru la mwisho likiwa bado linawaka na mtoza kodi ameshaonekana njiani. Misalaba ikateni kwa katoni; mgawie kila mchezaji idadi tofauti kabla ya kuketi, na usiwaambie wenzake amepewa mingapi.